Namba ya Ziwa

Mke mwenzangu Sumayiya ni mtu wa kuudhi. Nilisema hivyo siku alipoletwa na nasema hivyo mpaka leo. Wali wake haujawahi kuiva, anacheka peke yake na simu, na ukimuuliza jambo dogo anakujibu kwa hesabu. Lakini Jumatano ile, wallahi, kama ningekuwa mimi peke yangu nyumbani, Abdunoor angekuwa kaburini.

Abdunoor ni mume wetu. Alikuwa polisi, akastaafu, na badala ya kukaa barazani anywe chai kama wenzake wa hapa Naguru, akaanza kupeleka wageni Mlima Elgon. Sumayiya anauza viatu vya mtumba soko la Owino, vile vizito vya kupandia mlima, na kila anayenunua anamuuliza, "Una mtu wa kukupeleka?" Ndivyo kazi ilivyokua. Kisha mwaka juzi, akiwa huko huko juu, mapafu yakamjaa maji. Ogwang, msaidizi wake, alimshusha mgongoni huku povu lenye damu linamtoka mdomoni. Daktari akamwambia mlima anaweza kwenda, lakini mita elfu tatu na mia tano ndio mwisho wake. Akizidi hapo, asimtafute.

Mimi nilimwambia aache kabisa. Unadhani alisikia? Alicheka tu, kesho yake akaniletea gauni jipya la gomesi. Ila aliapa mbele yetu sote wawili, mkono juu ya Msahafu, kwamba kifaa kikisoma elfu tatu na mia tano atakaa chini hapo hapo, wageni waendelee na Ogwang.

Hicho kifaa ni GPS ya mkononi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hutuma mahali alipo mpaka kwenye simu ya Sumayiya kwa setilaiti, hata mahali pasipo na mtandao. Sumayiya alinieleza habari zake mpaka kichwa kikaniuma. Setilaiti, anasema, zinajua sana mtu yuko upande gani, lakini juu na chini zinababaisha: umekaa kwenye kiti chako, mara zinakuweka juu ya paa, mara shimoni. Kwa hiyo Abdunoor aliuzima mwinuko wa setilaiti, akategemea sehemu ya ndani inayopima uzito wa hewa, maana hewa hupungua kadiri unavyopanda. Hiyo inakwenda vizuri, ila lazima uiambie kwanza unaanzia mita ngapi. Ukiidanganya mwanzo, nayo itakudanganya njia nzima.

Ndiyo maana kabla ya kila safari wao wawili huteremka ziwani Port Bell, wakasimama pale maji yanapoanzia, wakabonyeza namba ya ziwa: elfu moja mia moja thelathini na nne. Sumayiya alimsihi apange upya akifika getini mwa mbuga, kwa kuwa kuna kibao kimeandikwa mwinuko na hali ya hewa ya huko si ya Kampala. Wapi! "Kibao kimeandikwa na mtu," anasema Abdunoor, "ziwa liko pale lilipo." Sisi Wanubi tukishakataa tumekataa.

Basi Jumatano hiyo, Abdunoor yuko mlimani na wageni, mimi napika maharage uani, namuona Sumayiya anaingia mchana kweupe, hata hajafunga kibanda chake vizuri, jasho linamtoka.

"Mama Nasif, safari hii Baba Nasif alikipangia wapi kifaa? Mimi nilikuwa nashusha mzigo, sikwenda naye Port Bell."

"Alikipangia hapo hapo ulipokanyaga," nikamjibu. "Mvua inanyesha, gari linapiga honi, akasema njia ya Luzira ya kwenda ziwani imejaa magari. Kwani nini?"

Akakaa chini kwenye saruji, na nguo yake nzuri. Akanionyesha simu. Mstari wa safari ulianzia uani kwetu, naujua, hata mwembe wa jirani ulionekana, na pembeni pameandikwa elfu moja mia moja thelathini na nne.

"Hiyo ni namba ya ziwa," akasema. "Nyumba yetu iko juu ya kilima, Mama Nasif. Kidole chake kimezoea. Ameweka namba ya ziwa akiwa huku juu."

"Sasa?"

"Sasa kifaa kinadhani kila mahali ni chini kuliko palivyo, kwa zaidi ya mita mia. Kikimwambia amefika elfu tatu na mia tano, ameshapita."

Nikainamia simu. "Na sasa hivi kinasema ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano. Na tangu asubuhi hajasogea."

Nikaanza kumtukana Abdunoor. Nikamtukana yeye na mlima wake na hao wageni wasio na kazi makwao. Katikati ya matusi nikaona kwamba mtu huyu safari hii hakukaidi. Kila siku namwambia kitu hasikii, na mara hii moja alikaa pale pale alipoahidi, na hapo alipokaa ndipo patakapomuua. Mita mia ni nini? Kwa mzima si kitu. Lakini mwaka juzi hakuanguka ghafla. Alianza kwa kukaa tu, akasema amechoka kidogo.

Sumayiya akapiga simu ya Ogwang, haipatikani. Akaandika ujumbe kwenye kifaa, nikachungulia. Ameandika: *Nyumba yetu inasoma ziwani. Shuka.*

"Banange! Ndio ujumbe gani huo?" nikamfokea. "Mwandikie mtu aelewe!"

"Ataelewa."

"Akiusoma!" Maana tunamjua. Kifaa anakizima sauti, anakitumbukiza mkobani ili betri isiishe, hatazami mpaka kambini. 

Sumayiya akapiga simu getini mwa mbuga. Inaita, inakatika. Akapiga tena. Mimi nazunguka uani na tasbihi, nimeshasahau nimefika wapi. Mwishowe askari mmoja akapokea, akasikiliza, Mungu ambariki, hakuuliza maswali ya kijinga. Akasema mwenzake yuko doria upande ule na ana redio, tungoje.

Kungoja! Tulikaa tumeweka ile simu kwenye stuli katikati yetu tunaikodolea macho. Ghafla namba ikabadilika, ikazidi mita tatu, nne, halafu nane.

"Anapanda!" nikapiga ukelele. "Sumayiya, huyo anapanda!"

"Hapandi. Tazama, nukta haijasogea. Wingu linakuja, hewa imekuwa nyepesi, kifaa kinadhani amepanda." Akaongeza: "Kuna mvua huko."

Sasa sijui alidhani hiyo itanituliza. Mvua, mgonjwa, mawe matupu, na hakuna wa kumshika mkono! Nikamwambia kama Abdunoor atakufa, mimi sitokaa nyumba moja na simu hiyo. Akanishika kifundo cha mkono akakaza, nami sikuutoa.

Maharage yaliungua. Tulisikia harufu na hakuna aliyeinuka. Kisha nukta ikasogea, kidogo sana. Namba ikashuka. Ikasimama, halafu ikashuka tena. Sumayiya akawa anazisoma kwa sauti moja moja, na mimi naitikia alhamdulillahi kila mara.

Askari wa doria alitusimulia baadaye. Alimkuta Abdunoor ameegemea jiwe, midomo imekuwa ya bluu, anakohoa. Alipomwambia ainuke, Abdunoor alikataa. "Niache, kijana. Niliwaahidi wake zangu nisizidi hapa, na sijazidi." Akatoa kifaa mkobani amwonyeshe namba, na ujumbe ukawa uko pale juu. Macho yake yalishaingia ukungu, askari akamsomea. Nyumba yetu inasoma ziwani. Shuka. Abdunoor akanyoosha mkono avutwe.

Hospitali walimtia oksijeni, wakamruhusu. Tulipomleta Kampala, Sumayiya alimwambia dereva asipande Naguru kwanza, ateremke Port Bell. Nikataka kumuuliza kama ana akili, mtu anahitaji kitanda, lakini nikamwacha afanye. Tukamshika huku na huku mpaka ukingoni mwa maji. Sumayiya akakiwasha kifaa, akampa.

Kilisoma elfu moja na ishirini. Viatu vyetu vilikuwa vikavu kabisa, na kifaa kinasema tuko mita mia na zaidi chini ya maji. Abdunoor alikitazama, akatazama ziwa, akakitazama tena.

"Mama Nasif," akasema, sauti haina nguvu. "Nilikaa pale pale nilipoahidi."

"Najua," nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfokea tangu Jumatano, mengi tu. Nikamfunga kifungo cha koti.

Sumayiya akangoja aombe kuweka namba ya ziwa kama siku zote. Hakuomba. Sumayiya akakichukua, akakizima, akakitia mkobani mwake, tukarudi garini. Njiani Abdunoor alikohoa mara moja, vumbi tu, nasi wake zake wawili tukageuka kwa pamoja kumtazama mdomo.