Kiganja cha Kwanza cha Aji Bekha

Hapa mjini Khokana huwezi kulitaja jina la Aji Bekha mbele ya wanaume wazima bila mmoja wao kuona haya. Amewakanda karibu wote walipokuwa wachanga, na hakuna alichosahau. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anahutubia watu uwanjani juu ya mifereji, Aji akapita na kapu lake, akasimama akamsikiliza, kisha akasema kwa sauti, "Huyu miguu yake niliinyoosha mimi. Ilikuwa imepinda kama mundu. Na kila nikimgeuza ananikojolea." Mkutano ukaishia hapo.

Jina lake hasa ni Bekha Maya. Aji maana yake bibi, na ni bibi wa ua wetu mzima. Ana sari nyeusi yenye ukingo mwekundu, kiuno kimefungwa kitambaa cheupe, na nywele ambazo kwa umri wake hazina haki ya kuwa nyeusi vile. Ukimuuliza siri yake atakwambia, "Haradali, na kutojibizana na mume." Mume wake alikuwa mkamuaji kwenye kinu cha mafuta, kile cha magogo mawili mazito yanayobana mbegu kwa gurudumu. Aji naye alikaanga mbegu humo kinuni. Majirani wanasema walijibizana kila siku, mpaka wanaume waliokuwa wakizungusha gurudumu walikuwa wanasimama wasikilize.

Mume alipofariki, aliacha kukaanga akaanza kukanda. Mzazi akirudi kwao na mtoto, Aji huja kila asubuhi jua likishapanda. Hukaa juu ya paa kwenye mkeka wa majani ya mpunga, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto juu yake, na kumkanda kwa mafuta ya haradali yaliyochemshwa na uwatu na kitunguu saumu mpaka punje zikawa nyeusi. Mtoto anavutwa mikono, anafinywafinywa pua isimame, anazungushwa kichwa kama unga wa chapati. Mara ya kwanza ukiona, unataka kuita polisi. Mtoto mwenyewe analala usingizi usio na mfano.

Na ana desturi yake moja. Kabla ya kumgusa mtoto, kiganja cha kwanza cha mafuta hujipaka mwenyewe, utosini mpaka kwenye paji la uso. Anasema kidole kilichozoea karai hakijui tena moto, ila utosi hausemi uongo. Mimi naona ni kwa ajili ya zile nywele pia, lakini sijawahi kumwambia.

Binti yangu Rasila alipojifungua msimu huu wa baridi, nilimwita Aji kama mama yangu alivyomwita kwa ajili yangu. Nilianza kuwa na wasiwasi siku ya pili tu. Alisimama mbele ya godoro akasema, "Loo, pua ya babu yake tupu!" Alikuwa anauambia mto. Nanicha, mjukuu wangu, alikuwa upande wa pili kwa mama yake. Rasila alicheka, akadhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Siku nyingine nikamwona anapapasa ukuta wa ngazi kwa kiganja, ngazi aliyoipanda maisha yake yote. Sindano aliniomba nimtungie uzi, akisema ana haraka. Aji hajawahi kuwa na haraka.

Nikawa nalala vibaya. Kumwambia mtu ningemwambia nani? Ua wetu ukijua kwamba macho ya Aji yamefifia, hakuna mama atakayempa mtoto tena. Hana mtoto wa kumtunza. Mchele wake, sari yake ya kila mwaka, na kile kiti cha mbele kwenye sherehe za watoto, vyote vinatoka kwenye viganja vyake. Lakini mjukuu ni mjukuu. Basi nikaamua kumwangalia tu. Mafuta nayachemsha mwenyewe, naleta bakuli mwenyewe, naketi hapo hapo.

Akaja mkwe wangu, mama wa mume wa Rasila. Anaitwa Hirashova, wa Bungamati, mji ambao kutoka kwenye paa letu unaona moshi wa majiko yao. Ni mwanamke mnene, safi, mwenye maneno yaliyonyooka. Hata viatu hajavua vizuri akaniambia, "Mkwe, nisikilize. Kwetu wanasema huyu bibi yenu haoni. Leo nitaketi nimtazame. Ikiwa ni kweli, kesho Rasila na mtoto nawachukua, na kila atakayeniuliza kwa nini, nitamwambia."

"Macho ya Aji?" nikasema. "Hayo yanaona mpaka Bungamati."

Mungu anisamehe. Nikampandisha kwenye paa, ambako Aji alikuwa ameshafika na Rasila yuko na mtoto, nikawaacha nikashuka kupika chai, maana mgeni wa namna ile hasubirishwi chai.

Sasa, kosa langu ni hili. Siku hiyo nilikuwa nimeandaa achari ya figili. Mafuta yaliyobaki, yaliyochemshwa na uwatu, kitunguu saumu na pilipili kali, niliyatia kwenye chupa nikayaweka juani kwenye paa. Na ya mtoto nayo yalikuwa kwenye chupa hapo hapo juani, yapate joto. Chupa za kinu zote ni namna moja. Harufu ni moja pia. Tofauti ni rangi tu: moja nyeusinyeusi, nyingine nyekundu kama ukingo wa sari ya Aji.

Nilipanda na chai nikakuta Aji ameshaketi. Nanicha yuko uchi juu ya miguu yake, anapiga mateke. Bakuli la shaba liko kando, amelijaza mwenyewe bila kunisubiri. Na kwenye paji la uso wa Aji, kutoka kwenye nywele zile nyeusi, ulikuwa unashuka mchirizi mwekundu.

Nikaitua chai pale pale ngazini.

Aji alikuwa amejua. Viganja vyake alikuwa ameviinua juu, mbali na mtoto, kama mtu anayekausha rangi. Macho yamejaa machozi, jasho linamtoka wakati sisi wote tumejifunika mashali.

"Mbona unalia, bibi?" Hirashova akauliza, akisogea.

"Uzuri wa mtoto, mama."

"Na jasho hilo?"

"Mzuri sana."

Nikamnyakua Nanicha, nikamkagua kuanzia kisigino mpaka sikio. Hajaguswa na tone. Hirashova alikuwa ananitazama. Ningetamka neno moja, yote yangekwisha. Aji akaniokoa, au alijiokoa mwenyewe.

"Mtoto atangoja," akasema. "Leo tuanze na mgeni. Mama wa Bungamati, nimekusikia ukipanda ngazi. Bega la kulia, siyo? Unahema kila ukishika ukuta."

Hirashova akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Bega lenyewe. Njoo, fungua blauzi, hapa hakuna mwanamume."

"Mimi sikuja kukandwa."

"Hakuna anayekuja kukandwa. Wote huwa wamekuja kutazama. Geuka."

Jamani, akageuka! Akaketi mgongo kwa Aji kama mtoto wa shule, na Aji akashusha viganja vile vya pilipili kwenye bega lake. Nilifumba macho. Nilisubiri mayowe. Nikasikia Hirashova anasema, "Oo." Halafu, "Ooo!" Halafu kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Hapo. Hapo hapo, mama yangu. Moto wake unaingia mpaka mfupani."

"Uache uingie," Aji akasema, huku yeye mwenyewe anapepesa macho na kuuma midomo.

Rasila alinisogelea akanong'ona, "Mama, mbona paa lote linanukia achari?"

Nikamfinya. 

Hirashova alipofunga blauzi yake alizungusha mkono mara kadhaa, akauinua juu ya kichwa, akautazama kama si wake. "Mkwe," akaniambia, "watu wa kwetu waongo. Mtu asiyeona angepata wapi hilo fundo? Daktari mjini kalitafuta na mashine, akakosa." Alikunywa chai yake yote, akala pepeta, ule mchele uliopondwa, na mayai, akateremka ngazi bila kushika ukuta.

Mlango ulipofungwa tu, Aji akapiga yowe lililokuwa limemkaa kooni muda wote ule. "Kichwa changu! Kichwa kinaungua, we Mama Rasila, leta kitu!"

Maji hayafui dafu kwa pilipili ya mafuta. Nilimpaka maziwa ya mgando kichwa kizima, akakaa juani mweupe kama sanamu ya hekaluni, Rasila amejikunja kwa kicheko. Nilimtuma akamnyonyeshe mtoto ndani. Tukabaki wawili.

"Umeona," Aji akasema. Hakuwa anacheka.

"Nimeona tangu siku ya mto."

"Ah. Ule mto." Akayapangusa maziwa yaliyokuwa yanamtiririka shingoni. "Basi sema. Ni haki yako. Ila niambie kwanza mimi, nisisikie kisimani."

Nilifikiria viganja vile vikishuka kwenye tumbo la Nanicha. Mpaka leo nikifikiria nasikia baridi. Lakini havikushuka. Viliinuliwa, na utosi wa mzee ndio ulioungua.

"Mafuta nitamimina mimi," nikamwambia. "Hapa, na kila nyumba utakayokwenda. Na nitaketi."

"Utanifuata kama mkia?"

"Kama mkia."

"Kwa wasiwasi wako huo? Utaniua kabla ya macho kwisha." Akapapasa akaupata mkono wangu, akaukanda vidole kimoja kimoja bila kufikiri, kama anavyofanya kwa kila mkono unaomwangukia. "Na kiganja cha kwanza?"

"Kinabaki pale pale utosini."

Sasa ua mzima unasema nimekuwa mwanafunzi wa Aji, na sijawasahihisha. Asubuhi nambebea kapu, nanusa, natazama rangi, namimina. Yeye anakanda na kuwasema baba za watoto. Tatizo liko Bungamati tu. Hirashova ametuma chupa tupu, anataka yale mafuta ya bega, na dada zake wawili nao wametuma za kwao. Nimezijaza. Mume wangu anauliza kila siku kwa nini achari ya mwaka huu imekuwa kavu namna hii.