Tulivyowaoza Paka wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na paka wengi kuliko nyumba yake ilivyoweza kubeba, na wa kwanza kumwambia hivyo usoni nilikuwa mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye niliyejaliwa mdomo. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kwangu Bangwe kumpelekea mawese. Nilipofika kwake Ujiji na kusukuma mlango wa uani, harufu ya mkojo ilinipiga mpaka macho yakanitoka machozi. Paka walikuwa kitandani, juu ya kabati, ndani ya sufuria, na mmoja alikuwa amezalia juu ya baibui lake jipya la Idi. Nikaanza kuwahesabu kwa kidole. Shangazi akanipiga kibao cha mkono.

"Usinihesabie watoto," akasema. "Watoto hawahesabiwi."

Hakuyataka yale. Mume wake alipofariki alimwachia paka mmoja tu, akamtunza vizuri, na sifa zikaenea mtaani. Sifa hizo ndizo zilizomponza. Mtu akihama, paka wake anaachwa mlangoni kwa shangazi. Paka wa mtu akizaa, vitoto vinatiwa kwenye boksi la sabuni na kuwekwa chini ya ukuta wa shangazi kabla watu hawajaamka. Hakuna aliyewahi kubisha hodi. Yeye akawa anaokota tu, na waliookotwa wakazaana, mpaka mambo yakamzidi. Wengine walikuwa na upele, wengine macho yamegandana kwa usaha, na vitoto vilikuwa vikifa kimyakimya uvunguni.

Na yeye mwenyewe alikuwa akiisha. Ilikuwa miezi ile ziwa limefungwa ili samaki wapate kuzaliana, dagaa walikuwa ghali, na nilipomshika mkono nilishika mfupa. Chakula nilichokuwa nikimletea alikuwa akikigawa sakafuni, yeye anakunywa chai ya rangi. Nilimuuliza amekula nini tangu jana. Akanijibu kwamba wao wamekula.

Nilipotoka nje kuvuta pumzi nilimkuta jirani yake ananisubiri, mama mwenye watoto wadogo. Sikumwona na ubaya wowote. Aliniambia kwa upole kwamba paka wanaingia jikoni kwake kila mara, mwanawe ameota mapunye kichwani, na baba watoto ameshanunua sumu ya panya.

"Mimi namzuia, dada," akasema, "lakini sitaweza kumzuia siku zote."

Nikarudi ndani mbio. "Shangazi, hawa wagawe."

"Niwagawe? Kwani ni karanga?"

"Wanaumwa! Na wewe umebaki ngozi!"

"Hawa wameshatupwa mara moja, mwana wanje," akasema. Akizidiwa huwa anarudi kwenye Kiha chake. "Nikiwagawa kwa watu nisiowajua, nami nimewatupa."

Hapo hasira zikanipanda. "Sasa unataka nini? Watu waje kuposa?"

Niliyasema kwa kejeli, na nikategemea atanifukuza. Shangazi akamkuna shingo paka aliyekuwa pajani kwake, akafikiri.

"Ndiyo," akasema. "Waje kuposa. Mwenye heshima atabisha hodi, ataeleza nia yake, nitamuuliza kwake kukoje. Na mshenga ni wewe."

Ndivyo nilivyojiponza kwa mdomo wangu. Nilianza kwa kumleta daktari wa mifugo, nikamshika paka mmoja mmoja naye akadunga sindano, akapaka dawa ya upele, akasafisha macho. Mikono yangu ilichanwachanwa. Daktari aliposema madume wahasiwe, shangazi alinigeukia.

"Mshenga gani wewe? Umesikia wapi bwana harusi anahasiwa kabla ya ndoa?"

Daktari alicheka mpaka akaiweka sindano chini. Ilinibidi nimbembeleze shangazi kwa kahawa na kashata, na mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba wachumba wasiambiwe.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa kijana wa mjini. Hakuvua hata miwani. "Oya bimkubwa, nasikia unagawa paka," akasema akiwa bado kwenye pikipiki. Shangazi akafunga mlango. Nilimfokea kwamba sumu ipo tayari ng'ambo ya ukuta na yeye anachagua wakwe. Akasema kama ni kufa, watafia kwao, na huyo kijana hakuamkia hata.

Wa pili alikuwa mkulima wa Simbo. Nilimwendea mwenyewe sokoni, nikamweleza utaratibu, nikategemea atanicheka. Alinisikiliza kama ninazungumzia binti wa kweli. Alikuja na muhogo umefungwa kwenye kanga, akasimama nje, kofia mkononi.

"Hodi. Mwakeye, mama," akasalimia.

Shangazi akatandika mkeka. "Sema shida yako."

"Mama, panya wanamaliza mahindi ghalani. Nimesikia kwako kuna watoto waliolelewa vizuri. Nimekuja kuomba mmoja."

"Kwako kuna mbwa?"

"Yupo. Mzee, meno hana."

"Na mkeo anasemaje?"

"Yeye ndiye aliyenituma."

Shangazi akainama kwa paka, jike la madoadoa, akawa kama anamnong'oneza. Mimi nikauma mtandio nisicheke. Alipoinua uso, kicheko kiliniishia chenyewe, kwa sababu alikuwa analia.

"Mahari yake ni moja," akasema. "Panya wakiisha, msimfukuze."

Yule mkulima akaapa. Tukamtia paka kwenye kikapu, shangazi akakifunika kwa kanga yake mwenyewe, akasimama barabarani mpaka pikipiki iliyombeba mkulima ikapotea. Nami nililia siku hiyo, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimekuja kuondoa uchafu nyumbani kwa mtu, nikajikuta naaga bibi harusi.

Habari zilienea. Watu wa Kigoma wanapenda kucheka, na posa ya paka ilikuwa kichekesho kizuri, lakini waliokuja kucheka walikaa mkekani na kujibu maswali kama wenzao. Mwenye duka la unga alikuja, mwalimu alikuja. Hata baba watoto wa jirani alikuja, ametumwa na mkewe, akaulizwa maswali kuliko wote, akaapa kuitupa sumu yake chooni, akaondoka na dume jeusi. Nyumba ikapumua. Tukasugua sakafu kwa majivu na sabuni, tukachoma magodoro, na kwa shangazi wakabaki wazee wachache ambao hakuna aliyewaposa.

Nilidhani tumemaliza. Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa, dagaa wamejaa sokoni, lakini shangazi aliendelea kukonda. Nilikuwa nikimpakulia, anamega tonge moja, kisha anasukuma sahani.

"Yule mweupe wa Ilagala," ananiambia, "nitajuaje kama anakula?"

Huyo mweupe alikuwa kipenzi chake, aliokotwa akiwa na mguu umevunjika, na alichukuliwa na mama mmoja mwenye stoo ya dagaa. Nilimpigia simu yule mama mbele ya shangazi. Nikampa asikie mwenyewe kwamba paka anakula. Shangazi akasema kwamba kwenye simu kila mtu ameshiba. Nikafoka, nikabembeleza, haikusaidia. Niliogopa kweli. Niliona nimewaokoa paka na sasa nitamzika yeye.

Basi nikamvalisha, nikampandisha boti, tukaenda Ilagala kusalimia wakwe. Njia nzima alikuwa amekumbatia kikapu kitupu. Sikumuuliza cha nini, maana nilijua: akimkuta amekonda, anarudi naye.

Mama wa dagaa alitupokea kwa shikamoo na vigelegele, akatupeleka stoo. Mweupe alikuwa amelala juu ya magunia, tumbo juu, mnene hata shingo haionekani. Shangazi akamwita. Akafungua jicho moja, akamtazama, akalifumba.

Mimi nilikasirika. Mnyama aliyelishwa kutoka kinywani mwa mtu hata mkia hakutikisa! Nikamtazama shangazi nikitegemea kuona ameumia. Yeye alikuwa ameweka kiganja juu ya lile tumbo, na alikiacha pale muda mrefu, likipanda na kushuka.

Tukakaribishwa chakula, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Shangazi alimega samaki wake, akachambua miiba taratibu, na kama alivyozoea akaitenga minofu yote pembeni ya sahani. Akageuka kuangalia mlangoni. Hakuna aliyekuja. Mwenyeji akataka kusema neno, nikamkanya kwa macho.

Shangazi aliitazama ile minofu. Kisha akaivuta katikati ya sahani, akaila, tonge kwa tonge, akanyonya na kichwa. Alipomaliza alilamba vidole, akamsogezea mwenyeji sahani, akaomba aongezewe ugali.