Farasi wa Shangazi na Daraja la Mbao

Shangazi yangu, mdogo wake baba, aliishi Zambia miaka mingi akihudumia farasi kwenye shamba la watu. Umri wa kuacha kazi ulipofika, matajiri wake walimpa farasi jike mmoja, mwekundu, naye akarudi naye nyumbani Igamba. Alinisimulia kwamba pale Tunduma madereva wa malori walishuka kwenye foleni kumtazama mwanamke mwenye mvi akivuka mpaka akiwa na kamba ya farasi mkononi.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa baba baada ya ndoa yangu kuvunjika. Zaidi ya kuchuma kahawa sikuwa na kazi, basi nikawa msaidizi wake.

Shangazi alikuwa na nia moja: Jumapili ya mavuno aende kanisani akiwa juu ya farasi. Aliondoka kijijini akiwa binti, akisindikizwa na maneno ya watu, na hakunificha kwamba alitaka wamwone. Lakini kati ya kwetu na kanisa kuna kijito, na juu yake daraja la mbao. Farasi yule alikuwa amezoea tambarare tupu.

Tukaanza kumfundisha. Tulilaza gogo la mkaratusi njiani, akajifunza kuinua miguu. Tulitandika turubai la kuanikia kahawa. Mwanzoni alikoroma na kurudi nyuma, baadaye akalikanyaga kama majani. Shangazi alimsemesha Kibemba, lugha aliyokulia mnyama yule. "Panono panono," alimwambia, yaani pole pole, nami nikajifunza kusema hivyo hivyo. Hakumchapa. Akigoma, tulisimama naye hapo hapo mpaka shingo ilegee na kichwa kishuke, ndipo tukamwomba hatua nyingine.

Daraja likamshinda. Kwato zake zilipogonga mbao, mlio ule ulimtisha, akajitupa nyuma akitetemeka. Nilimshauri shangazi tuzunguke kule chini kwenye mawe, wanakovukia ng'ombe.

"Mwanangu, nikizunguka nitakuwa nimeingia kwa mlango wa nyuma," alisema. "Atavuka tu. Tumsubiri."

Niliona ana haki. Jumapili ya mavuno ikapita, tukasema mwakani.

Mwaka haukuisha. Kiharusi kilimkuta akigeuza kahawa kwenye kichanja, upande wake wa kulia ukapooza. Tangu hapo nikabaki peke yangu na farasi, na jioni nilimsimulia shangazi kitandani tulipofikia.

Asubuhi moja mvua zilipokatika, nilisimama katikati ya daraja huku nimelegeza kamba. Farasi aliweka kwato moja, akasikiliza, akaweka nyingine, akanifuata mpaka ng'ambo. Nilirudi mbio kutoa habari. Shangazi alicheka kwa nusu ya uso, akaomba apandishwe. Baba akakataa, akasema ataanguka.

"Basi nenda wewe," shangazi aliniambia kwa shida. "Nenda taratibu, wakuone."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata, nikiwa juu ya farasi. Watoto walinifuata tangu darajani, watu wakatoka kanisani, mchungaji akasimama mlangoni. Waliuliza farasi ni wa nani. Nikasema ni wa shangazi yangu. Wazee wachache walimkumbuka. Wengine waliuliza shangazi yupi.

Niliporudi alitaka kujua nani walikuwepo, akawataja mmoja mmoja. Karibu wote nilimjibu kwamba walishafariki, wengine kabla yeye hajarudi kutoka Zambia. Kisha akauliza nilivaa nini. Nilikuwa na mabuti ya shambani na kanga iliyochakaa.

"Ungevaa vizuri," alisema, akageuzia uso ukutani.

Alifariki kahawa ilipoanza kuiva. Najuta kwamba hatukwenda mwaka ule alipokuwa mzima, kwa njia yoyote ile. Farasi tunaye bado. Amezeeka sana, hapandwi na mtu, na baba ndiye anayemkatia majani.