Harusi Iliyopalilia Mihogo ya Kanisa

Mama yangu nilimjua kanisani kwa magoti yake. Kila Jumapili, wakati wa Komunyo, benchi letu lote lilikuwa likiinuka na kutoka, na yeye akibaki. Alikunja magoti upande mmoja ili tupite, akayakunja tena tuliporudi. Hakwenda kupokea, wala baba kwenye benchi la ng'ambo, kwa sababu hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Waliishi pamoja tangu kabla sijazaliwa, baba alikwisha kupeleka mahari kwa wazee wa mama, na kijijini kwetu, upande wa Magarini, hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Kanisa ndilo lililouliza.

Mama alitaka sana kupokea. Hakulisema mara nyingi, lakini alijizoeza. Siku moja nilimkuta jikoni amefumba macho, ametoa ulimi kidogo, amesimama mbele ya sufuria ya uji. Aliponiona alisema anaonja chumvi. Uji wetu hautiwi chumvi.

Baba hakuikataa ndoa. Baba ni fundi wa kuezeka makuti. Ameezeka hoteli nyingi za Malindi ambazo hajawahi kulala ndani yake hata usingizi wa mchana, na ni mtu anayependa kazi yake isivuje. Katika jambo hili alikuwa na jibu moja tu.

"Harusi bila pilau ni mkutano," alisema.

Basi harusi ikangoja pilau, na pilau likangoja mwaka mzuri. Ukoo wa baba ni mkubwa, na ukimwalika mmoja wao umealika njia nzima. Msemaji wao ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliofika kijiji cha pili. Shangazi alikuwa amekwisha kusema kwamba siku ndugu yake akioa kanisani bila kulisha watu, yeye atajifunika leso ya kichwani kwa aibu na hataifunua tena. Baba alilitaja hili mara kwa mara, kwa sauti ya mtu aliyeumia, na nadhani lilimfurahisha.

Halafu korona ikaja. Hoteli zikafungwa, baba akarudi nyumbani na panga lake na kamba zake, na kanisa nalo likafungwa. Lilipofunguliwa tulikuta mambo yamegeuka. Mlangoni, mahali pa maji ya baraka, palikuwa na ndoo ya maji yenye bomba, na beseni la sabuni chini yake. Watu kwa mazoea walichovya kidole katika lile beseni, wakafanya ishara ya msalaba, wakaingia kanisani wakipepesa macho. Amani tulitakiana kwa kupungiana mikono, hata na mtu uliyetoka naye nyumba moja asubuhi ile. Mabenchi yalichorwa alama za chaki. Katekista wetu, ambaye ndiye anayeangalia kigango padre asipokuwepo, alitembea katikati na fimbo yenye urefu wa mita moja, akiwapima waumini kama anayepima ukuta.

Wengi walilalamikia barakoa. Mimi ilinifaa. Mimi ni mtu wa haya, na kwa mara ya kwanza niliweza kuimba kanisani bila mtu kujua kwamba ninaimba.

Jumapili moja, baada ya matangazo ya kawaida, katekista alikohoa. Kanisa zima likamtazama vibaya, kwa sababu siku zile mtu hakukohoa hivi hivi. Akaomba radhi, akaendelea.

"Padre anasema, wale wanaoishi bila ndoa, wakati wao ndio huu. Serikali imekataza karamu. Harusi ni watu kumi na tano, maharusi wakiwemo. Hakuna pilau, hakuna ngoma, hakuna wageni. Mnafunga ndoa, mnanawa mikono, mnakwenda nyumbani."

Mama hakugeuza kichwa. Alimtazama baba kwa pembe ya jicho, juu ya barakoa, na lile jicho likakaa palepale hadi baraka ya mwisho. Barakoa ya baba ilikuwa ikiingia na kutoka kwa pumzi.

Njiani nilitembea nyuma yao.

"Umesikia?" mama aliuliza.

"Nimesikia. Spika imetengenezwa, siku hizi inasikika vizuri."

"Pilau limekatazwa."

"Kweli. Ni jambo la huzuni."

"Ni sheria, baba watoto. Na wewe ni mtu wa sheria."

Baba alitembea kidogo. Akatazama juu kama anayetafuta tundu kwenye paa.

"Na ukoo?"

"Ukoo umekatazwa na serikali. Mimi simo."

Tundu halikupatikana. Jioni ile baba alikwenda kwa katekista, na mama akaanza kupiga pasi gauni ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa pasi.

Katekista alitoa onyo moja. Kigango kingine watu walizidi, akasema, na padre alifunga kitabu katikati ya misa, akawasha pikipiki yake, akaenda. Maharusi wale walikuwa bado wanangoja. Padre mwenyewe alikuwa kijana mgeni kwetu, mtu wa bara, na alikuwa na vigango vingi vya kuzunguka. Akiondoka hakuna aliyejua atarudi lini. Mama alisikia onyo hilo akiwa amesimama, akakaa.

Alikwenda mwenyewe kwa shangazi, akamwambia amemwekea nafasi ndani, miongoni mwa wale kumi na tano. Shangazi alikataa.

"Nikae kivulini mimi peke yangu, ukoo uko juani? Hapana, wifi yangu. Sisi hatutakuja harusini."

Mama alimshukuru.

"Ila njia," shangazi akaongeza, "ni ya watu wote."

Siku ya harusi kanisa lilikuwa na nafasi hata mtu angeweza kulala. Mama alivaa lile gauni, na barakoa aliyoshona kwa kipande cha lesi. Baba alivaa koti la kuazima na barakoa ya buluu. Mimi nilipewa somo la kwanza, kwa kuwa msomaji wetu alikuwa mzee, na wazee walikatazwa kuingia. Niliishia darasa la nane, na ninasoma polepole. Kila neno nahakikisha limefika kabla sijaliacha. Padre aliangalia saa yake, kwa sababu misa haikutakiwa kupita saa moja.

Madirisha yetu hayana vioo. Nilipokuwa katikati ya somo nilimwona shangazi akipita nje na ndoo kichwani. Nyuma yake alipita mjomba wa baba na jembe begani, amevaa suruali ya sherehe. Wakafuata wengine, wake kwa waume, wote na majembe, wote kama wanaokwenda shambani, ingawa mashamba yao hayapo upande ule. Nikasoma mistari michache. Shangazi akapita tena, akitokea upande uleule wa kwanza.

Nilimsikia katekista akimzuia mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Mama, kisima kiko kule nyuma."

"Najua kilipo. Naenda kuangalia kama bado kipo."

"Ulikwenda sasa hivi."

"Kisima hiki si cha kuaminiwa, katekista. Mwaka jana kilikauka."

Nilimaliza somo. Padre akasema maneno machache ya mahubiri, akawaita maharusi mbele. Baba akaulizwa yale maswali ya ndoa, kisha akatakiwa atamke kiapo. Alitamka. Barakoa ikaingia mdomoni, ikatoka, na kilichosikika ni kama mtu anayeongea ndani ya gunia.

"Sauti, mzee," padre alisema. "Mashahidi lazima wasikie."

Baba akarudia. Gunia lilikuwa lilelile.

"Amekubali, Padre," ilisema sauti ya shangazi kutoka dirishani. "Nimemsikia mimi."

"Amekubali," ukajibu ua wa kanisa, sauti nyingi pamoja, na kigelegele kikatoka huko kwenye mikorosho, kikakatika katikati kama mtu amezibwa mdomo.

Padre alishusha kitabu. Hakukifunga, alikishusha tu, kidole chake kikiwa ndani. Mama hakumtazama padre wala dirisha. Alikitazama kile kidole.

"Katekista," padre aliuliza, "huko nje kuna watu wangapi?"

"Padre, huko nje si kanisani. Ni njia."

"Njia imepiga kigelegele."

Padre akaenda dirishani. Nilimwona shangazi akiishusha ndoo kichwani, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Padre," alisema, ingawa padre angeweza kuwa mwanawe.

"Marahaba," padre alijibu, naye akaonekana kushangaa kwamba amejibu. "Ninyi ni wageni wa harusi?"

"Hapana. Sisi ni wakulima."

"Wakulima wa shamba lipi?"

Shangazi alitazama kulia, akatazama kushoto. Pembeni mwa kanisa kuna shamba la mihogo la kigango. Tangu kanisa lifungwe hakuna aliyeligusa, na magugu yalikuwa yameifikia mihogo mabegani.

"La hapa," shangazi alisema.

Padre aliyatazama magugu. Akayatazama majembe. Mle ndani tulingoja, na mama alikuwa ameushika mkono wa baba, si kwa mapenzi, bali kama unavyomshika mtu asianguke kutoka juu ya paa.

"Basi limeni," padre alisema. "Kila mtu na mstari wake, mbali na mwenzake. Nikiona wawili wamesimama pamoja, nafunga kitabu na naondoka."

Shangazi aligeuka akatoa amri, na nadhani hata Mambrui walisikia. Ukoo mzima ukatawanyika katika mihogo, ukapimana mita moja kwa mipini ya majembe, ukainama. Viatu vilivyong'arishwa kwa harusi vikaingia kwenye udongo. Mjomba alivua koti akalitundika juu ya muhogo.

Padre alirudi madhabahuni. "Tuendelee," alisema. "Mzee, mara ya tatu."

Safari hii baba alivuta pumzi kama anayemwita mwenzake kutoka juu ya hoteli ya ghorofa. Alikitamka kiapo chote, neno kwa neno. Kule nje majembe yalisimama hadi alipomaliza, kisha yakaendelea. Mama alisema chake mara moja, kwa sauti yake ya kawaida, na kila mtu alisikia.

Misa ikaendelea na mlio wa majembe. Padre alipoinua hostia, majembe yalinyamaza yenyewe. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba siku hizi hakuna kupokea kwa ulimi, ni mkononi tu. Kwa hiyo mazoezi yote ya mama mbele ya sufuria yalikuwa yamepotea bure. Alikwenda mbele akiwa ameunganisha viganja, vimelowa sanitaiza.

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Akaichukua kwa vidole, akaipeleka mdomoni, ikagonga lesi. Mama alikuwa amesahau barakoa. Alijaribu tena, ikagonga tena. Akabaki amesimama, mkono mbele ya uso, kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umefungwa na hajui ni nani aliyeufunga.

Baba, aliyekuwa kando yake, aliunyosha mkono akautoa uzi kwenye sikio la mama. Barakoa ikaanguka upande mmoja.

"Haya, mama watoto," alisema. "Pole pole."

Mabega ya baba yalikuwa yakitikisika, na ya padre pia. Mama hakucheka. Alipokea, akafumba macho, na safari hii hapakuwa na uji.

Tulipotoka nje, shamba lilikuwa safi hata ungeweza kuanika nguo za ndani juu ya udongo. Ukoo ulikuwa umeketi kwenye tuta la pembeni, kila mtu mita moja kutoka kwa mwenzake, majembe magotini. Walimpungia baba mikono. Hakuna aliyeondoka.

"Mbona hamwendi nyumbani?" padre aliuliza.

"Tunamngoja mwenye shamba," alisema shangazi.

Padre hakuelewa. Katekista akamsogelea, akasimama umbali ule uliotakiwa, kwa hiyo sote tulisikia alichokuwa akimnong'oneza. Kwetu watu wakilima pamoja shamba la mtu huitwa mweria, na mwenye shamba huwalisha waliolima. Hakuna anayeondoka kwenye mweria na njaa.

"Na mwenye shamba ni nani?" padre aliuliza.

Ukoo wote ukalitazama kanisa, kwa adabu.

Padre alivua miwani yake iliyojaa ukungu wa barakoa, akaipangusa kwa muda mrefu. Kisha akaruhusu mistari miwili ya mihogo ing'olewe. Nazi zilitoka kwa katekista. Ndoo ya shangazi ikapata kazi, na kisima kikaonekana kipo. Mihogo ilichemshwa na tui, kila mtu akaletewa yake pale pale kwenye tuta. Mama alipoulizwa kama chumvi inatosha alisema leo hapiki, na hata kuonja haonji.

Baba alikula sahani tatu. Alizunguka mbali mbali na watu akiwaeleza wote jambo lilelile, ili lisije likamfikia mkuu wa serikali kwa namna nyingine.

"Hii si karamu ya harusi," alisema. "Hiki ni chakula cha mweria. Mimi mwenyewe hapa ni mgeni."

Shangazi hakujifunika leso.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye alama yangu ya chaki, na mama kwenye yake, upande wa ndani wa benchi. Wakati wa Komunyo ulipofika nilikuwa nawaza mambo yangu, nikachelewa kusimama. Nikaona kivuli juu yangu. Mama alikuwa amesimama, barakoa imeshuka kidevuni mapema kabisa, viganja vimeunganishwa.

"Kunja magoti," alisema. "Nipite."