Ngurumo na Betri ya Mama Mdogo

Baba mdogo tulimwita Ngurumo kwa sababu ya jenereta. Zamani umeme ukikatika, mtaa mzima ulimwita yeye, naye alipita na spana mfukoni, kifua mbele. Kisha sola zikaanza kuota juu ya mapaa, moja baada ya nyingine, na simu yake ikanyamaza. Hata mama mdogo, fundi cherehani, akafunga yake, paneli na betri. Nilimwonea huruma baba mdogo, ingawa yeye alisema tu, "Kitu kisichonguruma utajuaje kama ni kizima?"

Hata hivyo aliitunza betri ile kama mboni ya jicho, kwa njia aliyoijua. Fundi wa jenereta halazi mafuta ya zamani kwenye tangi, huyamwaga. Basi kila jioni, cherehani ikishafunikwa, aliwasha taa zote na redio mpaka betri ikakata roho, ili kesho ijazwe umeme mpya. Sisi tulidhani anapenda redio.

Siku ya gauni la bibi harusi, umeme ulikatika tangu asubuhi na mawingu yakatanda. Bibi harusi mwenyewe amekaa pale pale, anasubiri. Cherehani ikapiga mishono miwili mitatu, ikazima. Mama mdogo akamwita fundi sola aliyemfungia, akamshukia kama mwewe.

"Umeniuzia betri mbovu!"

Fundi sola akaipima. "Mama, nani anaitumia mpaka inazima kabisa? Hicho ndicho kilichoiua."

"Hakuna! Usinitafutie visingizio!"

Ngurumo alikuwa mlangoni. Angenyamaza tu, mkewe angeshinda ule ugomvi na betri nyingine ingeletwa bure.

"Ni mimi," akasema. "Kila jioni. Nilikuwa naisafisha, mama watoto. Nilitaka ikudumu."

Mama mdogo alikuwa ameshafungua mdomo kumgombeza, sauti ikamlainika. "Si ungeuliza, jamani?"

"Ningemuuliza nani? Fundi si ni mimi?"

Hapo hata mimi nilitazama chini.

"Haya, fundi," mama mdogo akasema taratibu. "Kawashe jenereta yako. Gauni linangoja."

Jenereta ikanguruma mpaka majirani wakachungulia. Ngurumo akaisimamia, jasho linamtoka, hadi pindo la mwisho. Bibi harusi alipoondoka, akainama kumwaga mafuta yaliyobaki, kama kawaida yake.

"Acha," mama mdogo akamwambia. "Kesho nayataka. Na ukishaniwashia, mfuate yule fundi akufundishe mambo ya betri."

Baba mdogo akarudisha kifuniko cha tangi, akakikaza, akakikaza tena, machozi yakimlengalenga.