Leo Neno la Kupanda Limetoka kwa Mwenyewe

Nani alisema mzee wangu hana maneno? Ajitokeze hapa!

Kwa boma letu hapa Lambwe, hakuna mtu anaweka mbegu chini kabla kifungua mimba hajatoa neno. Kifungua mimba ni mume wangu. Tangu kiharusi kimpige, maneno yake yanatoka yamevurugika. Mimi tu ndiye ninamwelewa.

Leo mvua imenyesha. Shemeji yangu Ochieng akasimama mbele ya watu wote: "Kaka hawezi kusema. Neno natoa mimi."

Wewe! Keti kwanza.

Nikaweka simu mezani. Ina programu ya kusikiliza maneno ya mzee yaliyovurugika na kuyasema wazi; tangu Krismasi tunaifundisha sauti yake. Yeye anaongea, mimi naandika alichotaka kusema, mpaka ikamzoea.

Mzee akaongea. Simu ikasema kwa nguvu:

"Mke wangu aanze kupanda. Ochieng atakuwa wa mwisho."

Kicheko! Ochieng alitafuta kofia yake na iko kichwani.

Nimepanda mstari wa kwanza. Mzee amekaa hapa kando na simu yake, ananiambia mstari umepinda.

Nyinyi mliomwita bubu, semeni sasa. Atawajibu mwenyewe.