Kihusishi Alichokosa Mama

Nikipita Rodi Kopany penye samaki wa kubanikwa, moshi ule hunirudisha kwenye mlango wa darasa letu. Mama, aliyebanika samaki pale Sindo, alikuwa ametoka mekoni na leso yake ya kazi, amenishika mkono. Alitaka kujua kwa nini mkono huo umevimba kwa viboko.

"Habari ya asubuhi, mwalimu," alianza.

"Hapa ni Kiingereza tu, mama."

Mama akainua mkono wangu na kusema polepole, "Teacher, explain me."

Mwalimu aligeukia darasa. Ubaoni kulikuwa na somo la vitenzi vya Kiingereza vinavyodai kihusishi kabla ya kumtaja mtu.

"Mama amekosea wapi?"

Mikono ikanyooka kila upande. Akanichagua mimi, ambaye sikunyoosha. Masikio yaliniwaka, nikatazama sakafu.

"Sema, nyathina," mama akaninong'oneza. "Kama unajua, sema tu, mwanangu."

"Explain to me," nikasema.

"Explain to me," mama akarudia kwa sauti ya mwanafunzi, macho yake kwa mwalimu, akingoja jibu.

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Darasa zima likapiga. Mwalimu alikuwa ananitazama. Mama akauachilia mkono wangu taratibu, nami nikapiga pamoja na wenzangu, huku kiganja kikiniuma.

Kisha mwalimu akashika chaki akaendelea na somo, na mama akaenda zake bila kuelezwa chochote.